Masika Ndiyo Msimu wa Injini

Mwezi wa Aprili watalii hupungua Arusha, na magari ambayo tangu Juni hayajapumzika hupata nafasi ya kulala. Ndipo gereji za mji hujaa. Land Cruiser zilizorefushwa, zenye paa la kufunguka na mkonga wa kuvutia hewa ubavuni mwa kioo, hupangwa zikisubiri zamu, matope ya Ndutu bado yameganda kwenye chesi. Madereva huleta malalamiko: hii inatoa moshi, ile inalia gia ya tatu, nyingine inakula oili. Wenye magari huleta swali moja tu, litakuwa tayari lini. Fundi ninayemzungumzia hapa hana jibu la swali hilo mpaka amalize kupima.

Injini anayoijua kuliko zote ni 1HZ. Toyota waliitoa mwaka 1990: silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, kipenyo cha silinda milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, valvu 12. Haina turbo wala kompyuta ya kuamua dizeli iingie lini. Ilikaa ndani ya mashangingi ya miaka ya tisini, na imekaa miaka mingi zaidi ndani ya zile Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo umbo lake limebadilika kidogo sana tangu 1984. Kwa nguvu si injini ya kujisifia. Magari mengi madogo ya siku hizi yataiacha kwenye lami. Sifa yake ni kwamba karibu kila kitu ndani yake hupimika na kurekebishika kwa mkono, na mwenye subira anaweza kuirudisha karibu kabisa na ilivyotoka kiwandani.

Mwanzoni fundi hashiki spana. Humwambia dereva alete gari jioni, liachwe lilale, na mtu asiliwashe mpaka yeye afike. Injini ya dizeli husema ukweli ikiwa baridi. Asubuhi huwasha, akaenda nyuma penye eksozi, akarudi mbele, akafungua kifuniko cha oili na kuweka kiganja juu ya tundu ili ahisi pumzi inayopanda kutoka chini. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe unaotoweka injini ikishapata moto ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Ule usiotoweka, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yameingia yasikotakiwa. Vijana wake hutaka kuanza kufungua bolti papo hapo. Yeye husikiliza kwanza, na ukimsemesha wakati huo hajibu.

Kisha huchomoa hita zote sita, hufunga geji ya kompresheni kwenye tundu la kwanza, na kijana mmoja huzungusha stata. Namba huandikwa kwa chaki sakafuni, kwa sababu karatasi hupotea na sakafu haiendi popote. Anachotafuta ni namba zinazokaribiana, hata kama si kubwa. Silinda sita zilizochoka pamoja humsumbua kidogo. Tano nzima na moja iliyolala ndiyo humfanya akune kidevu. Katika ile iliyolala hudondosha oili kidogo sana, akapima tena. Namba ikipanda, ringi zimeisha. Ikibaki palepale, tatizo liko juu zaidi, kwenye valvu au gasketi.

Kwa magari ya safari muuaji wa ringi anajulikana, naye ni vumbi. Barabara inayoshuka kutoka ukingo wa Ngorongoro kuelekea Olduvai hadi Naabi ina vumbi jepesi la asili ya volkano, na linapenya hata mahali ambapo maji hayapiti. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote fundi hufuata njia ya hewa yote, kuanzia mdomo wa mkonga, kwenye sanduku la filta, hadi manifoldi, akifuta ndani ya kila mpira kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya udongo baada ya filta, amekwisha kujua injini imekufaje kabla hajaigusa. Mara nyingi chanzo ni klipu ya shilingi chache iliyolegea. Kulitengeneza gari hilo bila kuziba njia ya vumbi ni kujiahidi kulifungua tena mwakani.

Kushusha injini ni kazi ya nguvu na cheni, sitaikalia sana. Kinachofuata ndicho cha kutazamwa. Valvu, zinapotoka, hupandikizwa kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa matundu kumi na mawili kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Kofia saba za beringi za kranki hupangwa mezani zikielekea upande mmoja, kila moja na nusu-beringi yake ndani. Hakuna kofia inayoruhusiwa kuhama nyumba, kwa sababu kila moja ilichongwa ikiwa imefungwa mahali pake. Bolti za kila sehemu huingia kwenye kopo lake. Gereji yenyewe ina mafuta sakafuni na redio inayokoroma, lakini meza ile hakuna anayeweka juu yake hata kikombe cha chai.

Kuosha huchukua muda kuliko mtu anavyodhani. Gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa kipande cha mti mgumu, si kwa chuma. Njia za oili ndani ya bloku na kranki hupitishwa waya wenye kitambaa, zikamwagiwa dizeli, zikapulizwa kwa upepo, na zoezi hurudiwa mpaka kitambaa kitoke safi. Kijana akisema imetosha, fundi huchukua kitambaa kingine na kumpa, bila maneno.

Ndipo vipimo huanza. Kila silinda hupimwa kipenyo mahali patatu, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda sita zinatoa namba thelathini na sita. Silinda haichakai sawasawa: huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapofika na kugeuza, ambako joto ni kali na oili ni haba. Kucha ya kidole gumba ikipita hapo hugota kwenye ngazi ndogo. Kucha humwonyesha kwamba ngazi ipo, na mikromita humwambia ni ya mia ngapi za milimita. Uamuzi mkubwa unakaa kwenye tofauti hiyo. Ikiwa ndogo, silinda husuguliwa tu na kuwekewa ringi mpya. Ikizidi, bloku huenda kwa mafundi wa mashine kutobolewa kwa ajili ya pistoni za saizi ya juu. Fundi huenda nalo mwenyewe, pistoni mpya mkononi, maana hakubali silinda itobolewe kwa kufuata namba ya kwenye boksi. Kila tundu hutobolewa kwa pistoni yake. Silinda iliyomalizwa vizuri haing'ai kama kioo. Ina mistari myembamba ya mshazari inayokatana, na humo ndimo oili hujishikilia.

Silinda hedi huangaliwa kwa jicho la mashaka. Katika 1HZ dizeli haipulizwi moja kwa moja juu ya pistoni, huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilicho kwenye hedi, na injini ikichemshwa, nyufa hupenda kuanzia jirani na vyumba hivyo au kati ya viti vya valvu. Rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya uso wa hedi, kwa marefu, kwa mapana, kwa mshazari, na fila geji nyembamba hujaribiwa kupita chini yake. Valvu husagwa kwenye viti vyake kwa mkono, kwa ulimbo wa kusagia na kijiti chenye mpira wa kunyonya mwishoni: zungusha, inua, geuza, zungusha tena. Sauti hubadilika. Mwanzo hukwaruza, kisha hulainika, kisha hukaribia kunyamaza, na pete ya kijivu yenye upana mmoja huonekana pande zote. Baada ya kuzifunga, fundi hulaza hedi ubavu, humimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na ya moshi, na kwenda kunywa chai. Akirudi akakuta unyevu pembeni ya valvu moja tu, hiyo inatoka na kusagwa upya.

Wakati wa kuunganisha, mwendo wake hupungua zaidi. Kila ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda itakamoishi, ikasukumwa chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na mwanya wa ncha zake ukapimwa. Nusu-beringi hupakwa oili upande wa ndani tu. Mgongo wake unaokaa kwenye chuma hubaki mkavu. Pistoni zikishaingia, anapima kila moja inachomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku inapofika kileleni. Kipimo hiki mafundi wengi hukiruka. Toyota hutengeneza gasketi za hedi ya injini hii kwa unene tofauti, zenye herufi pembeni, na unene hufuata pistoni inayochomoza zaidi. Gasketi nyembamba mno, pistoni itagonga. Nene mno, kompresheni inapotea, na mwenye gari atalalamika kwamba asubuhi haliwaki. Fundi huwa hanunui gasketi kabla ya siku hiyo, hata akipata mtu anayekwenda Gerezani, Dar es Salaam, ambako spea hazikosekani.

Bolti za hedi hupakwa oili kidogo kwenye nyuzi na kufungwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa zamu, mpaka spana ya toki ilie. Hapo kijana huchora alama ya rangi juu ya kila bolti, upande mmoja wote. Halafu kila bolti huzungushwa robo mzunguko, kwa mpangilio uleule, na baadaye robo nyingine. Mwishoni alama zote huwa zimegeukia nyuma, na fundi hupita akizitazama moja moja.

Kwangu mimi hakuna sehemu nzuri ya kutazama kuliko kurekebisha valvu. Kati ya kemshafti na kila valvu kuna kopo dogo la chuma, na juu ya kopo kuna kisahani cha chuma kigumu, duara, chenye unene ulioandikwa kwa namba. Mwanya kati ya kisahani na nundu ya kemshafti, injini ikiwa baridi, unatakiwa uwe milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za hewa, na 0.35 hadi 0.45 kwa valvu za moshi. Hakuna skrubu ya kukaza au kulegeza. Ukitaka mwanya mwingine, unabadili kisahani, na visahani hupishana unene kwa milimita 0.05.

Fundi huzungusha kranki kwa spana mpaka nundu itazame juu. Huingiza jani la fila geji, hulitoa, huingiza lingine. Jani sahihi halipiti bure wala halikwami, linaburuzika. Mburuziko huo ndio anaoufundisha kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, kwa kumshika kijana kifundo cha mkono na kuvuta pamoja naye. Tuseme valvu ya moshi ya silinda ya nne imesoma 0.28 na kisahani chake ni 2.85. Anataka 0.40, kwa hiyo anahitaji kisahani cha 2.73, ambacho hakitengenezwi. Kipo cha 2.75, kitakachompa 0.38, na cha 2.70, kitakachompa 0.43. Vyote viwili vimo ndani ya kipimo. Yeye huchukua 2.70. Valvu ya moshi, kadiri inavyopigwa, hukila kiti chake na kuzama, na ikizama mwanya hupungua. Anayeanza na mwanya mpana kidogo amempa mwenye gari kilomita nyingi zaidi kabla ya kuonana tena. Hesabu hiyo inafanywa mara kumi na mbili, na kila kisahani kinachotoka hufutwa, kupimwa kwa mikromita bila kuamini namba iliyoandikwa, na kurudishwa kwenye sanduku la mbao lenye vyumba. Sanduku hilo limejazwa kwa miaka, kisahani kimoja kimoja kutoka injini zilizokufa.

Mkanda wa taimingi huunganisha puli tatu za maana, ya kranki, ya kemshafti na ya pampu ya dizeli, kila moja na alama yake. Kwenye dashibodi ya magari haya iko taa inayowaka kila kilomita 100,000 kukumbusha ubadilishwe, na nimeona magari ambayo mwenyewe ameitoa balbu. Alama zikishalingana na mkanda kufungwa, fundi huzungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu, akisikiliza kwa viganja kama kuna mahali panapogoma. Kisha huangalia alama upya. Zikikosana kwa jino moja, anaanza tena.

Pampu yenyewe haifungui. Huipeleka kwa fundi wa pampu, mwenye benchi ya kupimia na vyupa vya kupokea dizeli, na ikirudi huipangia muda wake kwa geji ya mshale: hufungua plagi katikati ya kichwa cha pampu, huingiza ncha ya geji, hurudisha kranki nyuma mpaka mshale utulie, huuweka kwenye sifuri, kisha husogeza kranki mbele hadi silinda ya kwanza ifike kileleni na kusoma mshale umepanda kiasi gani. Pampu husukumwa kuelekea injini au mbali nayo kwa upana usioonekana. Kukaza nati zake peke yake kunaweza kuihamisha, kwa hiyo kila akikaza husoma tena.

Kiasi cha dizeli ni mjadala mwingine, na hapa Arusha ina lake. Mji upo juu ya bahari kwa mita 1,400 hivi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo huvuta kilichopo tu. Gari lililosetiwa vizuri Dar es Salaam litapanda kwenda ukingoni likitapika moshi mweusi, kwa sababu pampu inaendelea kutoa dizeli ya kule pwani. Kwa hiyo skrubu ya mafuta fundi huirekebisha kwa kuwaza kilima, akikubali kupoteza nguvu kidogo kwenye tambarare ya Makuyuni. Madereva vijana humwomba aongeze. Wengine wenye magari humwomba afunge turbo. Huwaambia kwa upole kwamba vyumba vile vya kwenye hedi havikutengenezwa kwa joto hilo, na kama wanataka turbo wanunue injini iliyozaliwa nayo. Akishafunga skrubu huipaka tone la rangi nyekundu. Rangi ikipasuka atajua nani wa kuulizwa.

Giaboksi hupewa meza yake. Hapo nako husikiliza kwanza. Gari likiwa nyutro linavuma, ukikanyaga klachi kelele inakatika: beringi ya shafti ya mbele. Kelele inaanza unapokanyaga: rilizi beringi. Linavuma gia zote lakini gia ya nne linatulia: tazama shafti ya chini, maana katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja na shafti hiyo huzunguka bila mzigo. Oili inapomwagwa hutazama sumaku ya plagi. Ulaini wa kijivu unaopakika kidoleni ni uzee wa kawaida. Vipande vyenye kingo ni jino. Vumbi la rangi ya shaba ni pete za sinkronaiza, zile zinazolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, na mtu anayebadili gia kwa hasira huzimaliza mapema. Kila pete mpya huwekwa juu ya koni ya gia yake, hukandamizwa na kuzungushwa kwa vidole. Ikiteleza, haiingii ndani. Ikishika, hupimwa mwanya uliobaki kati ya meno yake na ya gia, pande zote, kwa fila geji ileile. Beringi haipigwi nyundo. Huchemshwa kwenye oili ya moto mpaka itanuke, kisha hushuka kwenye shafti kwa uzito wake na kukaa kwa mlio mmoja mfupi.

Injini ikishawaka haiachwi ikinguruma sailensa siku nzima, ingawa wengi hudhani huko ndiko kuizoesha. Ringi mpya zinahitaji mzigo wa wastani zikae kwenye mistari ya silinda. Fundi huendesha mwenyewe hadi Mto wa Mbu, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu kwa gia ya tatu, hushuka akiacha injini ishike gari, hupanda tena, jicho kwenye mshale wa joto. Njiani husimama, hufungua boneti, hugusa kila mpira na kila kiungo. Redio huizima tangu getini.

Baada ya kilomita za mwanzo oili yote humwagwa, karibu lita kumi, hata kama bado ina rangi ya asali. Filta ya zamani hukatwa kwa msumeno, karatasi yake hukunjuliwa na kubanwa mpaka ikauke, kisha huanikwa juani na kugeuzwageuzwa. Vijichembe vichache vya silinda mpya anavitegemea. Kikimeta kitu chenye rangi ya beringi, injini inarudi juu ya cheni na gharama ni yake. Salio la malipo hupokea siku hiyo ya kukata filta, si siku ya kukabidhi gari. Ndivyo alivyokubaliana na wenye magari wote, na wateja wapya huona ajabu, wengine hudhani amesahau kudai.